Matundu Matatu Ubavuni

Mimi ni daktari wa ng'ombe. Cheti changu hakisemi hivyo. Kinasema daktari wa mifugo, na mbwa naye yumo humo. Lakini miaka thelathini ya kazi huku Matuga nimeishi na ng'ombe na mbuzi, na mkono wangu wa kulia unaijua njia ya ndani ya ng'ombe kuliko ninavyoijua njia ya kwenda Nairobi. Mbwa nilikuwa nikiwachanja dhidi ya kichaa mara moja kwa mwaka, wamefungwa mtini, nami nimesimama upande wa mkia. Nikimaliza, nanawa na kwenda zangu.

Kwa hiyo watu waliponiona nikiteremka Diani kila Jumamosi kujifunza kushona tumbo la mbwa kwa kamera, walicheka, na sikuwalaumu. Nilikuwa nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Mwenzangu mmoja ofisini aliniuliza kama nataka kufungua hospitali ya mbwa wa wazungu. Nikamwambia ndiyo, na yeye nitamwajiri awe akiwaogesha. Sababu ya kweli sikumwambia, maana ilikuwa ikinitia haya.

Sababu yenyewe ilikuwa mama mmoja mjane anayelima upande wa milimani, katika ardhi ya skimu ya makazi ambayo wazazi wake waligawiwa walipokuja kutoka bara. Shamba lake la mahindi limepakana na msitu, na nyani wa msitu ule wanajua siku ya kuvuna kabla yake yeye. Mlinzi wake alikuwa mbwa jike, mweusi, mkubwa, kifua kimeshuka hadi karibu na viwiko. Mamake mbwa huyo alikuwa wa walinzi wa hoteli moja pwani, na yule mjane akapewa kitoto kimoja. Nyani waliuheshimu mpaka wa shamba kwa sababu ya yule mbwa, na mama akapata mahindi yake.

Mbwa wenye vifua vya namna ile wana balaa lao. Akila akashiba, akakimbia, mfuko wake wa chakula unaweza kujaa hewa na kujisokota, kama mfuko wa nailoni unavyosokotwa mdomo. Kinachoingia hakitoki, na kilichomo hakishuki. Akikosa kufunguliwa katika saa chache, amekwisha.

Mama alinipigia simu asubuhi moja. Aliniambia mbwa amevimba, anataka kutapika na hatapiki. Nilikuwa Mackinnon Road katika chanjo ya ng'ombe. Nilimwambia nakuja, na nilikuja kweli, lakini kutoka kule hadi kwake ni safari, na nilifika alasiri. Mbwa alikufa nikiwa bado nafungua mkoba. Alikuwa amelala penye kivuli cha ghala, na mbwa mwingine, binti yake, mweusi vile vile, wa kifua kile kile, amekaa kando anamtazama.

Mama hakulia. Aliniuliza tu, "Daktari, kulikuwa na la kufanya?"

Nikamjibu, "Ni amri ya Mungu, mama."

"Haya," akasema. "Asante kwa kuja."

Amri ya Mungu naiamini, na sitanii nikisema hivyo. Lakini nilijua pia jambo jingine, nililosomeshwa chuoni: mbwa wa kifua kile anaweza kushonwa mfuko wake wa chakula kwenye ukuta wa tumbo akiwa mzima, ukashikamana hapo, usijisokote maisha yake yote. Kila mwaka nilimchanja yule jike na kila mwaka nilikiona kifua chake. Sikufungua mdomo. Nilikuwa nimeamua mwenyewe, bila kumuuliza mtu, kwamba upasuaji huo ni wa mbwa wanaolalia magodoro Diani, si wa mbwa wanaofukuza nyani Kwale. Hilo ndilo nililolificha nyuma ya jina la Mungu, na liliniwasha kwa miezi.

Ndipo nikapata habari kwamba mwalimu anakuja katika hospitali ya wanyama ya Diani kutoka Nairobi na mashine za upasuaji wa matundu, ule wa kupitisha kamera na vifaa kwenye vitundu vidogo, awafunze madaktari wanne wa pwani kwa Jumamosi sita. Nikaandika jina langu siku ile ile. Kumpasua yule mbwa aliyebaki kwa kisu cha kawaida ningaliweza, lakini ni jeraha refu, na jeraha refu kwenye joto letu, kwa mbwa anayelala kwenye majani na kupita katikati ya miba, hilo nalijua mwisho wake. Tena mahindi yalikuwa yakianza kubeba. Kwa matundu, mbwa angepumzika wiki mbili akarudi kazini. Nilikwenda kwa mama nikamwambia nataka kumshona huyu aliyebaki, yasimpate ya mamake. Akasema, "Haya, daktari. Ninaye huyu mmoja tu." Hakuniuliza kwa nini sikusema mapema, nami sikujitia kumweleza.

Mwalimu alikuwa binti wa umri wa kitinda mimba wangu, nywele fupi, raba nyeupe zisizoshika vumbi. Aliniamkia, "Shikamoo, doc," nikaitikia marahaba, na huo ndio ulikuwa mwisho wa heshima zangu kwa siku ile. Alimpa kila mmoja wetu boksi la plastiki lenye matundu mawili ya mikono na kamera ndani. Unatia makoleo mawili marefu, membamba, unatazama skrini mbele yako, na unaambiwa uokote punje ya mahindi uiweke kwenye kikombe.

Basi. Niliokota hewa. Koleo likishaingia kwenye tundu, mkono ukienda kulia ncha yake inakwenda kushoto, ukiinua, inashuka. Nilikimwaga kikombe, nikaipiga kamera kumbo, na punje moja sijui ilipokwenda hadi leo. Wenzangu watatu, vijana, walikuwa wamekwisha hamisha zao zote, wamekunja mikono.

"Doc, wacha ku-check mikono," mwalimu akaniambia. "Angalia screen. Mikono itajipa tu, hakuna noma."

"Mikono hii imetoa ndama mia na zaidi," nikamjibu, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Najua. Lakini hapa hakuna ndama."

Mimi ni mwepesi wa hasira, mke wangu ni shahidi. Nilitoka nje nikaenda kunawa, ili nisiseme la kujutia, nikakuta kopo langu la udongo limemwagwa. Nieleze hili. Kwetu Waislamu mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo safi, na ile asubuhi mbwa mmoja wa hospitali alikuwa amenilamba mkono mzima tulipokuwa tukimpima. Nilijua nakwenda kwenye mbwa, kwa hiyo nilibeba udongo wangu kutoka nyumbani, nimeuchekecha, nikautia kwenye kopo la maziwa ya unga. Kosa langu ni kwamba niliuweka pale penye karai la kunawia kabla ya upasuaji, kando ya dawa ya kuua vijidudu. Mwalimu alipouona alidhani mzee wa ng'ombe anataka kuingia chumba cha upasuaji na matope mikononi, akaumwaga kwenye maua.

Alinifuata nje, tukazozana pale bombani kwa dakika kadhaa, kila mmoja akiamini mwenzake ana wazimu. Nilipomweleza, aliuliza maswali mawili matatu ya adabu, akaomba radhi. Jumamosi iliyofuata nilikuta kopo jipya kwenye bomba la nje, lina kifuniko, na karatasi imebandikwa: UDONGO WA DOC. USIMWAGE. Kuanzia hapo nilimpenda yule binti, ingawa aliendelea kunitesa.

Sharti lake lilikuwa moja. Jumamosi ya sita kila mwanafunzi angemfanyia mgonjwa wake mwenyewe, na mashine zingebaki Diani kwa matumizi ya waliofaulu. Lakini kabla ya hapo ilikuwa lazima ushone, ndani ya boksi, kipande cha tumbo la mbuzi kwenye ngozi iliyotundikwa juu, pini sita, yaani mishono sita, robo saa isiishe. Nafasi ulipewa tatu, tangu Jumamosi ya tatu hadi ya tano. Asiyeweza, mgonjwa wake anarudi nyumbani kama alivyokuja.

Nilishindwa Jumamosi ya tatu. Pini mbili. Nilishindwa ya nne, pini tatu na nusu, hiyo nusu nikiidai mimi na mwalimu akiikataa. Kushona kitu kilicho juu ni kama kushona dari ukiwa umesimama nje ya nyumba. Sindano ilikuwa ikifika pale kwa pembe mbaya kila mara, nami nikiizungusha huku na huku kuifuata nyama, na saa haikuwa ikinisubiri.

Nyumbani nilijitengenezea boksi langu. Nilipindua ndoo ya rangi, nikaitoboa, nikatia simu ndani na tochi, nikaunga waya hadi kwenye televisheni. Tumbo la mbuzi nilikuwa nikinunua buchani Ukunda, na muuza nyama alikwisha amini kwamba nyumba yangu haili kingine. Nililiweka kwenye friji, katika bakuli, nami nikasahau kumwambia mwenye friji.

Ijumaa baada ya sala tuliketi kula. Mchuzi wa matumbo, wa nazi, safi kabisa. Nikatafuna kitu kisichotafunika, nikakitoa, nikakitazama. Lilikuwa fundo langu la nailoni. Lilikuwa limechemka saa mbili na halikulegea hata kidogo. Sikuweza kujizuia, nilifurahi.

"Unacheka nini?" mke wangu akauliza.

"Fundo limeshika."

Aliweka kijiko chini. "Yaani nimepika kazi yako ya mbwa?"

"Ya mbuzi. Mbwa hakuigusa. Ni mazoezi tu, kwenye ndoo."

Hakusema nami hadi alasiri, na alipokuja kusema nami ilikuwa kwa sababu nimeishika televisheni wakati wa tamthilia yake. Aliketi kitandani, akaona kwenye kioo cha televisheni tumbo la mbuzi jingine, kubwa kama mlima, na sindano yangu ikihangaika juu yake.

"Sasa hii ndiyo tamthilia?"

"Hii ndiyo."

Alitazama kimya. Mke wangu si mtu wa kutazama kimya, kwa hiyo nikajua linakuja neno.

"Mbona unaikimbiza hiyo nyama kama kuku wa mgeni?" akasema. "Sindano iko huku, mara iko kule. Kofia zako hukuwa ukizikimbiza hivyo."

Hapa lazima nirudi nyuma. Kwetu wanaume tunashona kofia. Babangu alishona, nami ujana wangu wote nilishona, kofia zile za kudariziwa zenye vijitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi. Kofia niliyovaa siku ya ndoa niliishona kwa mkono wangu. Kisha ikaja kazi, wakaja ng'ombe, macho yakapungua nguvu, nikaacha.

Aliinuka akafungua kabati, akaniletea ile ile ya ndoa, imegeuka rangi ya chai, na sindano yake mwenyewe ya kushonea. "Hebu nionyeshe," akasema. "Shona hata tundu moja."

Niliishika kwa shingo upande tu, ili anipishe nimalize mazoezi yangu. Nikatia sindano, na kabla sijafikiri lolote, mkono wa kushoto ulikwisha igeuza kofia. Mkono wa kulia ulikuwa pale pale, kiwiko gotini. Nikachoma, kofia ikageuka. Nikachoma, ikageuka. Mke wangu alichukua rimoti, akangoja nimalize kuelewa.

Ng'ombe hakugeukii. Ng'ombe anasimama alivyosimama, wewe ndiye unayemzunguka, na mimi nimewazunguka miaka thelathini. Nilikuwa nikilizunguka lile tumbo la mbuzi kama kwamba lina pembe. Niliziacha televisheni na tamthilia kwa mwenyewe, nikahamia na ndoo yangu chumba kingine, nikitazama kwenye simu ya pili, na jioni ile nilishona pini nane bila kuihamisha sindano. Koleo la kushoto ndilo lililoishika nyama na kuileta kwangu, pembe hii, pembe ile, kama ukingo wa kofia.

Jumamosi ya tano nilimaliza pini sita na dakika zikabaki. Mwalimu alivuta kila uzi akitafuta uliolegea, akakosa.

"Doc, ume-practice wapi?"

"Kwenye kofia."

Alicheka, alidhani namtania.

Jumamosi ya sita mama aliteremka kutoka milimani ndani ya pikapu ya jirani, amevaa nguo zake za kanisani, mbwa amelaza kichwa mapajani mwake. Alimkabidhi kwangu, akaketi kwenye benchi la nje, mkoba juu ya magoti. Aliniambia, "Nitakuwa hapa hapa." Nilinawa mara mbili, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu ng'ombe wangu wa kwanza.

Mbwa alilazwa kwa nusukaputi, akanyolewa, tumbo likatiwa gesi likainuka. Nikatoboa matundu matatu, kila moja linatosha kidole tu. Kamera ikaingia, na kwenye skrini tukaona ndani: ini jekundu kama damu, na nyuma yake mfuko wa chakula, wa waridi, umetulia mahali pake. Nilikwaruza kidogo ukutani, nikakwaruza mfukoni, ili sehemu hizo mbili zipone zikiwa zimeshikana. Nikaanza kushona. Pini tatu ziliingia vizuri.

Ya nne ilikataa. Sindano ilifika ukutani ikateleza. Nikarudia, ikateleza tena, ikakwaruza pasipotakiwa, na tone la damu likatoka. Hapo ng'ombe wote wakanirudia. Nikaanza kuihamisha sindano, kulia, kushoto, juu, na jasho likaniingia machoni. Nilimfikiria mama kwenye benchi. Nilifikiria nitatoka nimwambie nini, na jibu lililonijia lilikuwa lile lile nililompa siku ile penye ghala. Nilijichukia kwa kuwa lilikuja upesi hivyo.

Mkono wa mwalimu ulikuwa umekwisha karibia. "Nichukue?" akaniuliza taratibu.

"Ningoje kidogo, mwalimu."

Nikaiacha sindano itulie. Nikabana kiwiko cha kulia ubavuni mwangu, na kwa koleo la kushoto nikaushika mfuko ukingoni, nikaugeuza kidogo kidogo, mpaka ukaja wenyewe mbele ya sindano. Nikachoma. Ikaingia. Nikageuza, nikachoma ya tano, nikageuza, ya sita. Mwalimu aliirudisha mikono yake nyuma ya mgongo. Nilipofunga fundo la mwisho nilitamani kumwonyesha mke wangu.

Nilitoka nje nikamwambia mama kwamba yuko mzima. Aliinama akafunika uso kwa viganja. Halafu akaomba maji ya kunywa.

Wiki mbili zikapita na nikapanda milimani kumtazama. Mbwa alikuwa amefungwa kamba chini ya ukingo wa ghala, amekasirika, na nyani wawili wameketi juu ya mti wa mpakani kama wenye shamba. Mama alikuwa amewafukuza siku zote hizo kwa kupiga debe, na sauti ilikuwa imemkauka. Nilimpima mbwa, nikamfunua manyoya yaliyoanza kuota ubavuni, nikamwonyesha mama.

"Ni hapa tu?" akauliza.

"Hapa tu, mama."

Aliweka vidole vitatu juu ya yale makovu matatu, kila kidole na lake, na vikayafunika yote. Mbwa akamlamba kifundo cha mkono.

"Na mamake?" akasema bila kunitazama. "Naye angaliweza kushonwa hivi?"

Lile jibu la upesi lilikuwepo, tayari ulimini. Nililimeza.

"Siku ile, hapana, nilikuwa nimechelewa," nikamwambia. "Lakini kabla ya siku ile, ndiyo. Hata kwa kisu cha kawaida, ndiyo. Kila mwaka nilipokuja na chanjo ningaliweza kukuambia. Nilijua, mama, na sikukuambia."

"Ulisema ni Mungu."

"Nilisema."

Mama aliifungua kamba polepole, kwa vidole vilivyojaa udongo wa shamba, na mbwa akaondoka kama aliyefyatuliwa, akapita kati ya mahindi, na tukasikia nyani wakiporomoka mtini. Mama alisimama akikunja kamba. Alipomaliza kuikunja, alinyoosha mkono kuelekea ng'ambo ya kijito, kwenye paa la mabati lililokuwa liking'aa juani.

"Pale kuna dume," akasema. "Ndugu yake huyu, kifua hiki hiki. Wenyewe hawajui lolote. Nenda ukawaambie leo, daktari. Usingoje chanjo."

Gari lisingeweza kuvuka kijito. Niliuchukua mkoba wangu nikaenda kwa miguu.